Kuihamishia Podikasti kwenye Televisheni: Mwongozo kwa Watayarishaji wa Kanda ya Ziwa

Mtu anayesikiliza podikasti ndani ya daladala ya kutoka Igoma kwenda mjini, kifaa cha kusikilizia kikiwa sikio moja tu ili konda asimpite bila chenji, huwa anajitengenezea picha mwenyewe bila kuombwa. Anamwona mama anayelia, anauona mtumbwi, anaiona nyumba ya bati iliyoegemea mwamba, na picha zote hizo hazimgharimu mtayarishaji hata shilingi. Siku hadithi hiyohiyo inapohamia kwenye televisheni, kila kilichokuwa bure kinaanza kudai bei. Hata hivyo, fedha si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kwamba katika podikasti sauti ilikuwa na kazi nyingi kwa wakati mmoja: ilieleza, ilificha, iliruka miaka kwa sentensi moja, na ilimfanya msikilizaji ajione ameketi karibu na msimulizi. Picha ikishaingia, baadhi ya kazi hizo hubaki bila mtu wa kuzifanya. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzitambua na kuzikabidhi upya.

Nitatumia mfano mmoja niliouunda kwa ajili hiyo. Tuseme kuna podikasti ya sehemu nane, kila sehemu dakika 25. Binti mmoja anasimulia, akiwa sasa mtu mzima, jinsi baba yake alivyotoka usiku kuvua dagaa kutoka mwalo (bandari ndogo ya wavuvi) wa Igombe, akiwa na injini iliyonunuliwa kwa mkopo wa kikoba cha mama, na hakurudi. Miezi mitatu baadaye injini ile, yenye alama ya rangi nyekundu iliyopakwa kwa mkono, inaonekana ikiuzwa kwenye mwalo wa kisiwani. Mama anaanza kupokea simu kutoka kwa mtu asiyejitaja. Katika sehemu ya sita msikilizaji anagundua kwamba mpigaji ni baba mdogo, yuleyule ambaye tangu sehemu ya kwanza amekuwa akiwaletea wafiwa unga na sukari.

Hatua ya kwanza: sikiliza upya ukiwa na daftari

Usianze na skripti ya podikasti hata kama unayo, kwa sababu maandishi hayaonyeshi ukimya, pumzi wala mahali ambapo muziki uliingia kufunika udhaifu wa hadithi. Sikiliza msimu wote mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza kama mtu wa kawaida, ukifua au ukitembea, na mwishoni andika yale tu unayoyakumbuka, maana hayo ndiyo ambayo mtazamaji aliyewahi kusikiliza atakuja kuyadai. Mara ya pili chora safu tatu: dakika, kinachosikika, na kazi yake. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani.

Katika mfano wetu, dakika ya nne binti anasema kwamba mwaka ule vuli ilichelewa. Kazi ya sentensi hiyo ni kutaja wakati, na ni kazi nyepesi ambayo shamba kavu la mihogo nyuma ya nyumba litaifanya bila kutamkiwa neno. Dakika ya kumi na moja anaulizwa kama mama alimshuku mtu, naye anakaa kimya kwa sekunde sita. Kazi ya ukimya huo ni kumtia msikilizaji shaka, na ni nzito zaidi, kwa sababu kwenye televisheni sekunde sita za uso usiosema kitu zinategemea kabisa uso huo ni wa nani. Dakika ya kumi na saba simu inalia na mwanamume anazungumza. Kazi yake ni kuficha.

Kwenye kuficha ndipo podikasti nyingi hukwama zinapohamishwa. Sauti peke yake inaweza kumweka mtu chumbani bila wewe kujua kuwa yumo, lakini kamera ikiingia chumba hicho humwona. Watengenezaji wa Homecoming walilijua hilo. Podikasti yao ya mwaka 2016 ilijengwa kwa simu, mazungumzo ya ofisini yaliyorekodiwa na maongezi ya kusikika kwa mbali, hivyo mhusika mkuu angeweza kuwa amesahau maisha yake ya nyuma na wewe usijue ni kiasi gani. Ilipokuwa tamthilia ya Amazon mwaka 2018, Julia Roberts akiwa mhusika mkuu, hawakujaribu kuirudisha sauti ile. Walibana fremu: matukio ya wakati wa baadaye yakaonyeshwa ndani ya picha nyembamba iliyokatwa pande zote mbili, na mtazamaji akahisi kwamba kuna kitu nje ya fremu ambacho mwanamke huyo hakioni. Kazi ya kuficha ilitolewa kwa sauti ikapewa umbo la picha. Hilo ndilo swali utakaloliuliza kwa kila mstari wa safu ya tatu: kazi hii sasa ataifanya nani?

Hatua ya pili: kamilisha haki kabla hujaandika mstari

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa podikasti husikilizwa bure, basi ni mali ya wote. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa umbo, na haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kungoja usajili. Kuisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunasaidia kuwa na ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo mshauri mtunzi aisajili podikasti yake kabla hamjaingia mkataba. Inawalinda nyote wawili.

Podikasti moja huwa na wenye haki kadhaa ambao hawakumbukani: aliyeandika, waliosoma, aliyepiga muziki, na aliyelipia studio akidhani kwamba kulipa kulimfanya mmiliki. Waorodheshe wote na upate saini ya kila mmoja. Kusema "tulikubaliana kwa mdomo, ni rafiki yangu" kumeua urafiki mwingi katika sanaa hapa kwetu, na mara nyingi umekufa baada ya fedha ya kwanza kuonekana, si kabla.

Kama huna fedha ya kununua haki zote leo, zishikilie kwa muda. Unamlipa mtunzi kiasi kidogo ili asimpe mtu mwingine kwa miezi kumi na miwili au kumi na minane, nawe katika kipindi hicho unatafuta mfadhili. Muda ukiisha bila upigaji picha kuanza, haki zinamrudia na fedha ile inabaki yake. Mkataba useme wazi jina la mtunzi litaonekana wapi, nani ana haki ya msimu wa pili, kama podikasti itaendelea kutoka wakati tamthilia ikionyeshwa, na kama mtunzi atasoma skripti kwa ajili ya kushauri tu au ana uwezo wa kukataa. Kipengele hicho cha mwisho huonewa aibu mezani, halafu ndicho kinacholeta maneno baadaye.

Podikasti ya kisa cha kweli inahitaji uangalifu mwingine kabisa. Kandokando ya ziwa hili yapo masimulizi ambayo watu wanaishi nayo mpaka leo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na wapo wanaosimulia siku ile wakiwa tayari kurekodiwa sauti. Mtu aliyekubali kurekodiwa sauti hajakubali kwamba mwigizaji avae nguo kama zake na kuzama mbele ya kamera. Rudi kwake, mweleze hasa kitakachoonekana, na umwombe ruhusa upya kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakutaka uwe na msingi halali wa kutumia taarifa za mtu. Wala usidhani kubadili jina kunatosha. Ukisema "mjane mwenye duka la nyavu karibu na gati", kisiwa kizima kimeshamjua.

Hatua ya tatu: amua umbo

Hii ni hatua fupi, lakini iamuliwe sasa. Podikasti ya mazungumzo haihitaji kuwa tamthilia. Mara nyingi inahitaji jukwaa, hadhira na kamera tatu. Podikasti ya uchunguzi inaweza kuwa makala au tamthilia, ila si vyote viwili ndani ya sehemu moja. Hadithi ya kubuni kama ya mfano wetu inakwenda moja kwa moja kwenye tamthilia.

Jihadhari na kubadili hisia ya msingi. StartUp ilikuwa podikasti ya mtu halisi akirekodi hofu yake halisi wakati anaanzisha kampuni, na wasikilizaji walivutwa na sauti inayotetemeka kweli. Kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani kiliigeuza kuwa kichekesho cha familia, Alex, Inc., mwaka 2018, na ikaisha baada ya msimu mmoja. Kwa maoni yangu hadithi haikuwa na kosa. Kilichoachwa nyuma ni kile kilichowafanya watu wasikilize.

Hatua ya nne: panga msimu upya, usihamishe sehemu kwa sehemu

Nafasi ya nusu saa kwenye kituo cha televisheni, ukiondoa matangazo, hukuachia dakika 22 hadi 24 hivi, na mtu hushawishika kuona kwamba dakika 25 za podikasti zitaingia humo kwa kukatwa kidogo. Haziingii. Sehemu nzima ya podikasti ambamo binti anakumbuka, anajihoji na kurudi nyuma inaweza kuwa na dakika sita tu za mambo yanayotendeka. Upande wa pili, sentensi moja inaweza kubeba sehemu nzima. Katika mfano wetu binti anasema, akipita tu, "Tuliuza kila kitu isipokuwa cherehani." Podikasti iliiacha hapo. Kwenye televisheni hiyo ni sehemu ya tatu yote: nani alikuja kununua kitanda, nani alikuja kutazama tu, mama aliificha wapi cherehani, na kwa nini baba mdogo ndiye aliyejitolea kumtafutia wateja.

Andika kila tukio kwenye kadi yake, utandaze kadi sakafuni, kisha upange upya bila kuangalia mpangilio wa podikasti. Wahesabu watu wakati huohuo. Podikasti yetu ina sauti nne, lakini binti anawataja watu kumi na tisa, na kila anayetajwa huwa mwigizaji wa kulipwa, kulishwa na kusafirishwa. Mweka hazina wa kikoba na jirani anayekopesha mkaa wanaweza kuwa mtu mmoja bila hadithi kuumia. Baba na baba mdogo hawaunganiki.

Hatua ya tano: andika sini

Wapo wanaosema onyesho, lakini kwenye lokesheni zetu neno ni sini, nami nitabaki nalo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Msimulizi wa podikasti anasema:

"Siku ile mama alirudi kutoka mwaloni mapema kuliko kawaida. Hakusema neno. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alibeba ndoo tupu, na tangu nizaliwe mama yangu hakuwahi kurudi na ndoo tupu."

Jambo rahisi ni kumpiga picha mama akitembea na ndoo huku sauti ya binti ikisoma maneno hayo juu yake. Niliwahi kufanya hivyo katika kazi yangu ya kwanza, nikajiona nimeiheshimu podikasti. Shangazi yangu alitazama dakika tano, kisha akauliza, bila hasira, "Mbona mnaniambia ninachokiona?" Hadi leo sijapata mhakiki aliyesema vizuri zaidi.

Iandikwe hivi:

NJE. MWALONI. ASUBUHI.
Wachuuzi wanapima dagaa kwa ndoo. MAMA anasimama mbele ya mtumbwi uliorudi. MVUVI kijana anamwona, anainama kufunga kamba ambayo tayari imefungwa.

MAMA: Mzee wenu yuko wapi?
MVUVI: Shikamoo, mama.
MAMA: Marahaba. Nimekuuliza.
MVUVI: Sisi tulijua karudi na mtumbwi mwingine.

Mchuuzi mwenzake anachota dagaa kwa viganja viwili amtilie kwenye ndoo. Mama anaufunika mdomo wa ndoo kwa mkono.

NDANI. JIKONI. BAADAYE.
BINTI anapuliza moto, amewapa mgongo walio mlangoni. Nyuma yake ndoo inatuliwa sakafuni. Inalia kama debe. Binti anaacha kupuliza. Hajageuka.

Tazama yaliyotokea. Shikamoo ya mvuvi ni adabu, tena ni adabu ambayo mama hawezi kukataa kuijibu, kwa hiyo kijana amejinunulia sekunde mbili za kutojibu swali. Hakuna Mswahili atakayehitaji kuelezwa hilo. Mlio wa ndoo umebakia kuwa sauti, kama ilivyokuwa kwenye podikasti, na binti anaujua msiba kwa sikio kabla ya jicho. Lakini maneno "hakuwahi kurudi na ndoo tupu" yamepotea, na mtazamaji hawezi kuyajua kutokana na sini hii peke yake. Ni lazima awe amemwona mama akirudi na ndoo iliyojaa mara mbili huko nyuma, na amesikia mlio mzito wa ndoo yenye dagaa ikitua sakafuni hapohapo. Sentensi moja ya sauti imekudai maandalizi ya sini mbili. Ndiyo maana kukadiria ukurasa mmoja wa skripti kuwa dakika moja ya picha kunasaidia: unajua mapema deni limefika wapi.

Sasa turudi kwenye simu. Katika podikasti, mpigaji anamwita mama "mama", kama mtu yeyote wa mwaloni angemwita, na siri inapasuka katika sehemu ya sita ulimi unapoteleza akasema "shemeji". Kwa sikio hilo ni pigo kubwa. Kwa televisheni ni gumu, kwa kuwa sauti ya mwigizaji aliyeonekana tangu sehemu ya kwanza itatambulika mara moja, na kuifanyia ufundi iwe nzito kama ya jambazi kutawachekesha watu. Njia ya kwanza ni kumpigia picha mama tu, mpigaji asisikike, tukabaki na majibu ya mama. Inafaa kwa simu moja; kwa simu nne inachosha. Njia ya pili, ambayo ningeichagua mimi, ni kuacha kuficha. Mwishoni mwa sehemu ya pili mtazamaji amwone baba mdogo akishusha simu, akifuta jasho, kisha akibeba mfuko wa sukari kwenda kwa wafiwa. Kuanzia hapo kila anapoingia mlangoni na kusema "Shemeji, hamjambo?" neno lile la heshima linamchoma mtazamaji, maana yeye anajua na mama hajui. Podikasti ilitumia neno hilo mara moja kufichua, nawe unalitumia mara ishirini kutesa. Umepoteza mshangao mmoja ukapata hofu ya sehemu nne, na sioni hasara hapo.

Hatua ya sita: safisha sauti iliyobaki

Sisi tumelelewa na michezo ya redio. Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania mwaka 1993, na kizazi kizima kilijifunza kumjua mtu kwa sauti tu. Uigizaji wa sauti una desturi yake: wahusika hutaja wanachokifanya na kuitana majina mara kwa mara ili msikilizaji asipotee. "Ngoja nifungue mlango huu." "Kumbe ni wewe, baba mdogo, na mvua yote hii!" Pitia mazungumzo yote uliyoyachukua kutoka kwenye podikasti ukiwa na kalamu nyekundu, na ufute kila neno ambalo mlango, mvua au uso wa mtu utalisema wenyewe. Mara nyingi theluthi ya mazungumzo huondoka, nayo hadithi huanza kupumua.

Sauti ya msimulizi unaweza kuibakiza mahali pachache, hasa pale inapopingana na picha. Binti anaposema "Baba mdogo alikuwa mwema sana kwetu" huku tukimwona akiipima cherehani kwa macho, sauti ina kazi. Inaposema tu kile kinachoonekana, mkumbuke shangazi.

Lugha nayo itazamwe. Kwenye podikasti pengine kila mtu alizungumza Kiswahili sanifu ili asikilizwe kuanzia Tanga hadi Kigoma. Ukiwaona watu hao mwaloni, wakisalimiana asubuhi bila hata "mwangaluka" moja, macho yanakataa. Acha wazee wasalimiane Kisukuma, wavuvi wa kutoka visiwani waingize Kikerewe au Kijita, na maandishi ya tafsiri yawekwe chini ya picha pale tu maana ikihitajika kwa hadithi. Salamu hazihitaji tafsiri.

Hatua ya saba: tafuta lokesheni, na uiulize kalenda ya ziwa

Podikasti haina tarehe ya mandhari, picha inayo. Tuseme podikasti ina sini ya mama akingoja pantoni Kigongo saa mbili nzima, naye humo foleni ndimo anamoona injini ikipakiwa kwenye gari. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyokuwa ya kungoja imekuwa ya dakika chache. Basi amua: ama hadithi inatokea kabla ya daraja, na kila kitu kwenye fremu kuanzia simu hadi namba za bodaboda kiendane na hilo, ama uhamishie kungoja kwako Kamanga au kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Usimpige mtu picha akingoja Kigongo huku nguzo za daraja zikichungulia nyuma ya kichwa chake.

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza, kwa kuwa taa ndizo zinazowavuta, iwe ni karabai za zamani au za sola za siku hizi. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika. Kwa hiyo siku ambazo mitumbwi na watu wake wanapatikana kirahisi ndizo siku ambazo ziwa halina ule mstari wa taa unaoutaka, na siku za taa watu wako kazini. Panga sini za nchi kavu mwezi ukiwa mpevu, na upigaji wa taa ufanye kwa makubaliano na mtumbwi mmoja usiku wa giza, ukiulipa sawa na mavuno ambayo ungeyapata.

Mwanga wetu ni mkali na hauna subira. Kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana jua huwa la utosi na macho ya mwigizaji huzama kwenye vivuli. Piga sini za ndani muda huo. Jioni jua huzama ziwani karibu na saa moja mwaka mzima, na kwa kuwa tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, giza huingia haraka: ule mwanga mzuri ni wa dakika ishirini hivi, basi mazoezi yawe yamekwisha kabla. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, hivyo maiki zivalishwe manyoya na mazungumzo ya ufukweni yapigwe asubuhi. Rekodi pia dakika tano za ufukwe mtupu kila mahali unapopiga, maana mhariri atazihitaji. Kuhusu mwamba wa Bismarck, ule maarufu ulio ziwani hapa Mwanza, umeshapigwa picha vya kutosha. Mwanamke anayeanika dagaa kwenye chanja hajapigwa.

Vibali ombeni mapema: kibali cha kupiga picha kutoka Bodi ya Filamu, ruhusa ya serikali ya mtaa na ya BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo husika, na kwa droni msirushe chochote kabla ya kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyombo vya ulinzi. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo huko mnaanzia TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Kila anayepanda mtumbwi, hata kwa sini ya dakika moja, avae jaketi okozi hadi sekunde ya kuwashwa kamera, na mtumbwi wa pili wenye waogeleaji ukae nje ya fremu.

Hatua ya nane: piga kipindi kimoja na ukijaribu

Kabla ya kubisha hodi Star TV iliyoanzia hapahapa Mwanza, au kwa chaneli za Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, piga kipindi kimoja cha majaribio. Si lazima kiwe cha kwanza. Chagua kile chenye sini ngumu kuliko zote, kwa upande wetu ile ya cherehani, kwa sababu mnunuzi anataka kujua kama unaweza, si kama unaweza kuanza. Ukienda kwake peleka kurasa chache zinazoeleza msimu mzima na takwimu za kweli za usikilizaji wa podikasti, pamoja na mikoa wanakotoka wasikilizaji.

Kipindi kikishahaririwa, kijaribu kwa njia mbili. Waite watu sita ambao hawajawahi kuisikia podikasti, uzime sauti kabisa, uwaonyeshe dakika kumi, kisha uwaulize nani anamdanganya nani. Wakijua, picha inafanya kazi. Halafu waite wengine sita waliosikiliza podikasti yote, uwafunikie runinga kwa kanga na uwaache wasikie dakika hizohizo. Hawa wakifuata kila kitu bila kukosa chochote, rudi kwenye hatua ya sita na kalamu nyekundu, kwa sababu bado umetengeneza podikasti.